Greji Haichaguliwi Dukani

Ukiziweka mezani kadi tatu za kampuni ya Sherwin-Williams ya Cleveland, Marekani, yaani Agreeable Gray, Accessible Beige na Repose Gray, mtu asiye na nyumba ya kupaka ataona kadi moja iliyorudiwa mara tatu. Viwanda hupima kiasi cha mwanga ambao rangi inaurudisha, kuanzia sifuri kwa weusi kamili hadi 100 kwa weupe kamili. Ya kwanza ina 60. Ya pili na ya tatu zina 58 zote mbili. Kwa kipimo hicho Accessible Beige na Repose Gray hazina tofauti yoyote. Zipake sasa kwenye kuta mbili za chumba kimoja: ikifika saa nne asubuhi moja imeshaelekea kwenye hudhurungi, nyingine imekwenda kwenye kijivu cha baridi, na mgeni anayeingia anauliza kama makopo yalichanganywa.

Hizo ni rangi za ukoo wa greji, kijivu kilichopashwa joto kwa beji. Wamarekani wamezipenda kwa muda mrefu. Revere Pewter ya Benjamin Moore, yenye namba HC-172, ni ya mkusanyo wa rangi za kihistoria uliotolewa mwaka 1976, nchi yao ilipotimiza miaka 200, na hadi leo watu huiulizia kwa jina. Huku kwetu nazo zimeingia. Panda ngazi za maghorofa mapya ya Kilimani, au pita kwenye nyumba zinazojengwa Kigamboni, utazikuta sebuleni, kwenye korido, hadi vyumba vya kulala.

Wapo wanaoziita rangi za watu waliokosa la kuchagua. Sikubaliani nao kabisa. Nyekundu ya kibanda cha simu inajitegemea: juani, kivulini, usiku chini ya taa, itabaki nyekundu na kila mtu ataiita nyekundu. Greji haina kinga hiyo. Inapokea kila kinachoizunguka, kuanzia udongo wa uani hadi kochi lililoegemezwa ukutani, na kwa hiyo anayeichagua analazimika kukijua chumba kizima kabla hajafungua kopo. Mafundi rangi wanaoweza kushika kadi mkononi asubuhi na kukwambia ukuta utakuwaje saa kumi na mbili jioni ni wachache, na ujuzi wao hausemwi vya kutosha. Seremala husifiwa kwa mlango, mwashi kwa tao. Fundi rangi akipatia, watu husema chumba kimependeza, basi.

Ujuzi huo unaanzia ndani ya kopo. Mashine ya kuchanganyia rangi dukani huanza na besi, yaani rangi nyeupe ambayo bado haijakolezwa, kisha huidondoshea vikolezo kwa vipimo vidogo mno. Marekani aunsi moja ya ujazo hugawanywa sehemu 48; sehemu moja ni kama mililita 0.6, na inaingia kwenye galoni ya karibu lita 3.8. Samawati iliyokolea inaweza kupokea tone la ziada bila mtu kushtuka. Kwenye greji tone hilo laweza kutosha kuihamisha rangi kutoka jina moja hadi jingine.

Fundi anayezijua tabia za vikolezo anaelewa sababu. Nyeusi ya kaboni ikitiwa peke yake kwenye nyeupe haileti kijivu cha katikati. Inaleta kijivu chenye usamawati, kile kinachokufanya ujisikie uko kwenye korido ya ofisi. Ili kukipasha joto inatiwa manjano ya oksidi ya chuma. Hapo linazuka jambo ambalo kila aliyewahi kuchanganya rangi kwa mkono analijua: manjano na nyeusi zikikutana huzaa kijani, kijani kizito cha zeituni. Basi inatiwa nyekundu ya oksidi ya chuma ili kukizima kijani hicho. Ikipungua, ukijani unabaki chini ya kijivu ukingoja mwanga wa kuufichua. Ikizidi, ukuta unapata uwaridi, na kama nyeusi nayo ni nyingi, unaingia kwenye urujuani. Kiini cha greji ni mapatano ya hizo tatu, na sijaona mapatano ya aina hiyo ambayo hayakuinamia upande mmoja. Revere Pewter inajulikana kwa kuinamia kijani. Repose Gray, kwenye chumba chenye mwanga wa baridi, mara nyingi huchomoza urujuani kidogo. Kwa hiyo fundi mzuri akipewa kadi haulizi kama rangi ni nzuri au mbaya. Anauliza imeinamia wapi, halafu anageuka kuangalia chumba kinainamia wapi.

Napenda kukumbuka umri wa vitu hivi. Nyekundu itokanayo na chuma ndiyo iliyotumiwa na waliochora kwenye miamba ya Kondoa, michoro iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nyeusi ya kaboni ni masizi. Manjano ilichimbwa ardhini kwa maelfu ya miaka kabla viwanda havijajifunza kuitengeneza. Kijana wao ni nyeupe: dioksidi ya titani ilianza kutengenezwa kwa biashara katika miaka ya 1910, Norwe na Marekani, na kabla yake nyeupe iliyosifiwa kwa kufunika ukuta ilikuwa ya risasi, yenye sumu. Ukale huo una faida ya leo. Plasta mpya ya saruji ina ukali ambao huziunguza rangi nyingi za kikemikali, hasa manjano na nyekundu zinazong'aa, lakini oksidi za chuma na kaboni huuvumilia. Greji iliyotengenezwa kwa vikolezo hivyo haitakugeuka kwa sababu ya ukuta. Pamoja na hayo, fundi makini huiacha plasta wiki nne hivi kabla ya kupiga prima, kwa kuwa chumvi inayotoka na unyevu huacha madoa meupe ambayo hakuna kikolezo kitakachoyaficha.

Baada ya kopo kuna jicho, na hapa kuna kisa cha Ufaransa kinachostahili kusimuliwa. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa idara ya kutia nguo rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris. Akakuta malalamiko kuhusu nyuzi nyeusi: zikishafumwa, weusi wake unaonekana umepoa. Chevreul aliipima rangi, akaona haina kasoro. Kasoro ilikuwa kwa majirani, yaani nyuzi za rangi nyingine zilizofumwa kando ya zile nyeusi. Kitabu alichokitoa mwaka 1839 kinaeleza sheria yenyewe: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja humsukuma mwenzake kuelekea upande ulio kinyume na yeye. Weka pazia la kijani kando ya greji, greji itaonyesha uwaridi. Weka kochi jekundu, itaonyesha ukijani. Rangi kali husukumwa pia, ila haionekani kwa urahisi kwa kuwa ina yake ya kutosha. Greji ina kidogo sana, na msukumo mdogo unatosha kuibadilisha jina. Jicho lenyewe nalo ni kali zaidi karibu na kijivu. Tofauti ambayo lingeisamehe kati ya nyekundu mbili, halitaisamehe kati ya vijivu viwili.

Ndiyo maana fundi hatazami kadi moja peke yake. Anashika mbili. Ukiangalia greji moja utaiona kijivu na kuishia hapo; ukiisogeza nyingine karibu, papo hapo moja inajitangaza kuwa ya kijani na nyingine ya waridi. Iliyoshindwa anaiweka chini, anachukua ya tatu. Kuna fundi wa Dar es Salaam ninayependa sana kumtazama akifanya hivi, kwa jinsi asivyoharakishwa na mtu yeyote: anazipeleka kadi dirishani, anazirudisha kwenye kona, anazigeuza juu chini, anafumba macho kidogo, anaangalia tena. Wengi hutumia karatasi nyeupe ya ofisi ili kuufichua mwinamo wa rangi, na ni njia nzuri kuliko kutokuwa na njia, lakini yeye haitaki. Karatasi hizo hutiwa kemikali ya kuzing'arisha ambayo huzipa usamawati, na mbele yake kila greji huonekana ya manjano kuliko ilivyo. Yeye anatembea na kipande cha ubao kilichopakwa nyeupe ileile itakayokwenda kwenye dari. Greji itaishi na dari hiyo. Anataka wajuane mapema.

Halafu linakuja suala la jua, na hapa ndipo mafundi wetu wanapohitaji kichwa chao wenyewe. Miongozo mingi ya kuchagua greji imeandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini. Ushauri wake wa kwanza huwa ni kwamba chumba chenye dirisha la kaskazini kina mwanga wa baridi wa anga tupu, kwa hiyo kipewe greji ya joto. Chenye dirisha la kusini kinapata jua, kwa hiyo kinaweza kubeba greji ya baridi. Kwa Chicago au London ni kweli tupu. Kwa Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, ushauri huo unapotosha. Jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Katika miezi saba iliyo kati ya Machi na Oktoba, saa sita mchana jua liko kaskazini. Miezi mitano inayobaki liko kusini. Dirisha la kaskazini, ambalo kule ndilo la kivuli, hapa ndilo linalopata jua la kipupwe, tena jua lililoinama kiasi cha kuingia ndani. Nairobi, iliyo nyuzi moja na kidogo tu kusini, mwaka unakaribia kugawanyika nusu kwa nusu. Aliyepaka chumba chake kwa kufuata mwongozo wa kaskazini, na miezi ikampita bila kuona ule ubaridi alioahidiwa, hakukosea kusoma. Alisoma kitabu cha anga nyingine.

Kinachotawala kwetu ni mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki linaingiza jua la manjano kuanzia saa moja hadi saa tatu au nne, kisha chumba kinabaki na mwanga wa anga hadi jioni. La magharibi ni kinyume chake: asubuhi ya utulivu na baridi, halafu saa kumi jioni linafunguka moto mtupu. Greji yenye uwaridi kwenye chumba cha magharibi itageuka rangi ya samaki wa kuoka jioni hiyo, na sijui mtu aliyeipenda. Fundi huyo wa Dar huwapa vyumba hivyo greji iliyoinamia kijani kidogo, kwa sababu wekundu wa jua la jioni utakutana na ukijani na kuuzima, na ukuta utabaki kijivu chenye joto. Chumba cha mashariki anakipa nafasi zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya siku yake ni mwanga wa anga, na mwanga wa anga unaivumilia beji.

Lakini jua letu lina tabia nyingine ambayo miongozo hiyo haiitaji kabisa. Linapanda juu sana. Kuanzia saa tano hadi saa tisa, upenu wa bati au wa zege unalizuia lisiingie dirishani, na mwanga mwingi unaofika ukutani ni ule uliogonga chini kwanza, nje, ukarudi ndani. Kwa hiyo rangi ya uani inaingia sebuleni. Kiambu au Kampala, penye udongo mwekundu, kila greji huongezewa nyekundu bila kuombwa. Kwenye nyumba yenye mwembe mkubwa mbele ya dirisha inaongezewa kijani, na zaidi baada ya masika majani yanapokuwa mapya. Penye mchanga mweupe wa Mbezi au Nungwi mwanga unaingia karibu bila rangi, na greji inajionyesha kama ilivyo kwenye kadi; ndiyo sababu nyumba za ufukweni hupigwa picha nzuri zinazowaponza watu wa bara. Nimemwona fundi akitoka nje kwanza kabla ya kufungua kadi hata moja, akasimama uani akaangalia chini. Mwenye nyumba alidhani anatafuta pa kumwagia maji machafu. Alikuwa ameanza kazi.

Sakafu ya ndani nayo inafanya hivyohivyo. Marumaru za rangi ya maziwa, ambazo zimejaa katika nyumba zetu, hurudisha manjano kwenye sehemu ya chini ya ukuta, na ukuta mmoja huonekana una rangi mbili, ya joto chini na ya baridi juu. Ukizitazama kwa makini utaona mstari ambapo zinaachana. Fundi asiyejua hulaumu rola.

Swali kubwa la fundi yule wa Dar, hata hivyo, halihusu udongo wala dirisha. Nalinukuu kama nilivyolisikia likiulizwa kwenye sebule isiyo na samani, mama mwenye nyumba akiwa ameshashika kadi aliyoitaka.

"Hii hapa, fundi. Nimeridhika nayo."

"Nzuri, mama. Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa tano na robo."

"Na wewe kazini unarudi saa ngapi?"

Mama alikaa kimya. Anarudi saa moja usiku. Sebule ile angeiona kwa mwanga wa mchana Jumamosi na Jumapili tu. Siku nyingine zote ingekuwa ya taa. Fundi akaomba waliache jambo hilo hadi jioni, na akarudi jioni, bila malipo ya ziada, akiwa na balbu mbili mfukoni.

Balbu hizo ni sehemu ya ufundi kama ilivyo brashi. Balbu nyeupe zinazouzwa kila duka la vifaa huwa na joto la rangi la Kelvini 6500, karibu na mwanga wa mchana wenye mawingu. Zile tunazoziita za manjano huwa kati ya 2700 na 3000. Chini ya ya kwanza, greji hupoteza beji yake na kubaki kijivu. Chini ya ya pili, hupoteza kijivu na kubaki beji. Lipo na jambo gumu zaidi: greji mbili zilizochanganywa kwa vikolezo tofauti zinaweza kufanana kabisa mchana na kuachana usiku, kwa kuwa kila kikolezo kinameza sehemu yake ya mwanga na taa haitoi sehemu zote kwa usawa. Kadi haiwezi kukuonyesha hilo. Tena kwetu giza linaingia upesi. Kutoka jua kuzama hadi taa kuhitajika ni dakika ishirini hivi, na katika muda huo mfupi jicho lenyewe hubadilika, likazidi kuona samawati na kupunguza kuona nyekundu. Fundi wetu anazipenda dakika hizo. Anasema rangi ikivuka salama kutoka jua hadi taa bila kugeuka mgonjwa, hiyo ndiyo ya kupaka. Mama yule aliacha kadi yake ya kwanza, akachukua iliyokuwa na manjano kidogo zaidi, na akabadilisha balbu.

Watu wa pwani wana historia ndefu na kuta za aina hii, ingawa hawakuwa na kadi. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kiko mbali na kiwanda, yaani ua wa ndani, na mwanga unaokifikia umepita vyumba vingine kwanza. Ukuta wake wa mwisho ulijengwa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zikachongwa kwa plasta ya chokaa iliyochomwa kutoka kwa matumbawe. Chokaa hiyo haina weupe wa karatasi. Ina joto la mawe ilimotoka. Chumba kizima ni cha rangi moja, na bado ukikitazama unaona rangi kumi, kwa sababu kila kidaka kina kina chake cha kivuli na kila ukingo unashika mwanga wake. Waliofanya kazi hiyo walielewa kwamba rangi tulivu inakuwa tajiri pale inapopewa mwanga hafifu na maumbo ya kuufanyia kazi. Nikiingia kwenye sebule mpya iliyopakwa greji kwenye ukuta bapa, bila ukingo wala kina cha kivuli, mara nyingi naona hapo ndipo pa kuongeza: rafu, fremu, pazia zito la pamba. Si lazima kubadilisha rangi.

Kona za chumba zina siri yake. Ukuta mmoja ukitazamana na mwingine wa rangi ileile, mwanga unagonga huku na kurudi kule, na kila ukigonga unachukua rangi zaidi. Chumba kilichopakwa kuta nne huonekana kimekolea kuliko kadi, na mwinamo uliokuwa umejificha unajitokeza kwanza kwenye kona. Ndiyo maana fundi akiwa kati ya greji mbili zinazokaribiana, huchukua iliyo nyepesi zaidi, na akitaka kujua siri ya rangi huiangalia sampuli yake kwenye kona ya chumba kabla ya katikati ya ukuta.

Sampuli zenyewe ni kazi ya mikono ya kupendeza. Hapaki mabaka ukutani. Rangi ya zamani ya ukuta ingezisukuma zote, kama Chevreul alivyoonyesha, na mabaka manne yaliyobanana yangesukumana yenyewe kwa yenyewe. Anakata vipande vya ubao wa jipsamu, kila kimoja kikubwa kuliko karatasi mbili za ofisi zikiwekwa pamoja, anavipiga prima, kisha mikono miwili ya rangi, kwa rola ileile atakayotumia ukutani, kwa sababu brashi na rola huacha uso tofauti na uso hubadilisha rangi. Nyuma anaandika namba. Anasubiri vikauke hadi kesho yake, maana rangi ya maji ikiwa mbichi huwa nyepesi kwa ule weupe wa maziwa wa gundi yake, na ikikauka hukolea. Halafu anavisimamisha. Kusimamisha ni muhimu: ubao uliolala mezani hupokea mwanga wa juu ambao ukuta hauupati kamwe. Anavihamisha kutwa nzima, ukuta wa dirisha, ukuta unaotazama dirisha, nyuma ya mlango, na kila mahali anakaa mbali, karibu na pale kochi litakapokuwa, kwa kuwa hakuna anayeishi akiwa ameegemeza pua ukutani.

Kuhusu mng'ao nina maoni makali kuliko yake. Silki, yaani rangi yenye mng'ao, husafishika, na kwenye nyumba yenye watoto yeye huikubali bila ubishi. Lakini silki huakisi dirisha, na juu ya ule mwako greji haionekani. Unaona dirisha mara mbili. Tena kila kasoro ya plasta hujitokeza, kila mkwaruzo wa msasa uliopigwa kwa haraka. Mati, ile isiyong'aa, humeza mwanga na kuutawanya, na greji ikiwa mati ndipo inapotulia na kuonyesha yote iliyo nayo. Ningependa silki ibaki jikoni na koridoni. Na iwe mati au silki, hakuna greji itakayookoa ukuta uliopigwa ovyo. Rangi kali huvuta jicho likaisahau plasta. Hii tulivu hailivuti popote, na jicho lililokosa pa kwenda huanza kukagua. Fundi anayetaka kupaka greji hupiga msasa akiwa ameshika taa ubavuni mwa ukuta, mwanga ukipita kwa mlalo, ili kila bonde na kilima kijitaje.

Siku ya kupaka anamimina makopo yote ya namba hiyo kwenye ndoo moja kubwa na kuyakoroga pamoja kwa muda mrefu. Makopo mawili yenye namba moja, yaliyochanganywa siku mbili tofauti, yanaweza kuachana kwa tone, na tayari tumeona tone linafanya nini. Anaanza ukuta na kuumaliza, bila kuacha ukingo ukauke katikati, mkono wa kwanza, kisha baada ya kukauka mkono wa pili. Kinachobaki anakirudisha kwenye kopo dogo, anafunga kifuniko kwa nyundo juu ya kipande cha ubao, na anaandika juu yake kwa kalamu nzito: jina la chumba, tarehe, namba, besi, mati. Stika ya mashine anaibandika pembeni. Halafu anamkabidhi mwenye nyumba na maelekezo yake ya mwisho, ambayo huyarudia hadi aone yameingia.

"Mtoto akichora ukutani, mama, usipake doa peke yake. Ukuta utakuwa umeshazeeka kidogo na hili kopo halijazeeka. Paka ukuta mzima, kona hadi kona."